Sura ya Nne: Makaburu Waliiteka Dodoma kwa Niaba ya Nani?

Mzee mmoja jirani yangu hapa Miyuji ana swali ambalo ameshaniuliza mara tatu, na kila mara hulianza vilevile. "Mbukwa, mwalimu. Hivi wale Makaburu si ndio waliouana na Waingereza kule Afrika Kusini? Sasa ilikuwaje Kaburu akaja kuiteka Dodoma yetu chini ya bendera ya Mwingereza? Walipatana lini hao?"

Hayuko peke yake. Vijana wa Chuo cha Mipango waliosoma Vita vya Makaburu sekondari huuliza jambo hilohilo kwa maneno mengine: ugomvi uliogharimu roho za watu wengi kiasi kile uliishaje upesi hivyo, hata wagombanao wakawa jeshi moja? Kulijibu, inabidi tuanzie hapa mlangoni petu, twende mpaka kwenye mashimo ya almasi na dhahabu ya kusini, kisha turudi.

## Walitokea upande wa Kondoa

Ukisimama Miyuji ukatazama kaskazini, barabara inapita Msalato na Mayamaya, inapanda Kondoa, Babati, hadi Arusha. Ni upande huo walikotokea.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nchi hii ilikuwa koloni la Wajerumani. Waingereza walitaka kuikata reli ya kati, ile iliyojengwa kutoka Dar es Salaam kuanzia 1905 na kufika Kigoma 1914. Kazi ya kuikata hapa Dodoma alipewa Jenerali Jacob van Deventer. Aliondoka Arusha mwanzoni mwa Aprili na wapanda farasi wake kutoka Afrika Kusini, akaiteka Kondoa tarehe 19 mwezi huohuo. Hapo masika yakamfungia njia. Magari ya chakula yalizama kwenye tope, na farasi walikufa kwa wingi kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na kwa magonjwa mengine ya nchi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alijaribu kumng'oa Kondoa, akashindwa. Mvua zilipokatika, van Deventer akateremka kusini kwa njia ya Chenene na Mayamaya. Tarehe 29 Julai 1916 askari wake waliingia Dodoma.

Sasa angalia alikuwa nani. Miaka 14 tu nyuma, van Deventer huyuhuyu alikuwa porini huko Afrika Kusini akiwapiga Waingereza. Risasi ilimjeruhi koo, na tangu siku hiyo sauti yake ikawa ya kukwaruza. Mkuu wake wa mwaka 1916, Jenerali Jan Smuts, aliyeongoza majeshi yote ya Mwingereza katika Afrika Mashariki, alikuwa Kaburu vilevile. Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 28, Smuts alikuwa mwanasheria mkuu wa serikali ya Makaburu ya Transvaal. Katika vita aliongoza kikosi kilichopenya hadi ndani ya koloni la Waingereza la Rasi, na van Deventer alikuwa mmoja wa makamanda wake.

Kwa hiyo mzee wangu ana haki ya kushangaa.

## Makaburu ni akina nani?

Neno lenyewe linatokana na Boer, ambalo kwa Kiholanzi ni mkulima. Kiswahili kikalifanya Kaburu. Walikuwa wazao wa Waholanzi, pamoja na Wajerumani na Wafaransa waliochanganyika nao, waliolowea Rasi ya Tumaini Jema baada ya kampuni ya biashara ya Kiholanzi kufungua kituo chake pale mwaka 1652. Walilima na kufuga kwenye ardhi waliyowanyang'anya wenyeji, na kazi ngumu waliwaachia watumwa.

Waingereza waliitwaa Rasi mwaka 1795, wakairudisha, wakaitwaa tena 1806 wasitoke. Walikuja na lugha yao, mahakama zao na kodi zao, na mwaka 1834 utumwa ukapigwa marufuku. Maelfu ya Makaburu wakapakia mali kwenye magari ya kukokotwa na maksai wakahamia bara, wakipigana na Waafrika njia nzima. Huko wakaunda nchi mbili: Transvaal, ambayo Waingereza waliitambua mwaka 1852, na Orange Free State, iliyotambuliwa 1854.

Mbona Mwingereza aliwaachia kirahisi hivyo? Kwa sababu alipoitazama nchi ile aliona majani, mbuga na ukame. Gharama ya kuitawala ilizidi faida. Mtu akikukuta umekaa kwenye pagale lisilo na dirisha, hakusumbui. Subiri siku zitakapopatikana fedha chini ya sakafu.

## Almasi: siku ramani iliposomwa upya

Mwaka 1867, karibu na mji wa Hopetown kando ya Mto Orange, lilipatikana jiwe la kung'aa ambalo watoto walikuwa wakilichezea. Lilikuwa almasi. Miaka miwili baadaye mchungaji mmoja wa kabila la Griqua aliokota jingine, lenye uzito wa zaidi ya karati 80 (karati tano ni gramu moja). Kaburu aliyeitwa Schalk van Niekerk alimpa kondoo 500, ng'ombe 10 na farasi mmoja, akalichukua. Kwa mchungaji wa Kigogo bei hiyo ingetosha kuoa na kuozesha. Van Niekerk aliliuza kwa zaidi ya pauni 11,000.

Mwaka 1871 almasi nyingi zaidi zikafumuka kwenye shamba la ndugu wawili wa ukoo wa de Beer. Wakazi wapya walikuwa wengi mno na wenyewe hawakuweza kuwadhibiti, basi wakaliuza shamba kwa pauni 6,000 na ushei. Jina lao ndilo ambalo kampuni ya almasi ya De Beers inalibeba mpaka leo, ingawa utajiri wenyewe hawakuuonja. Mahali pale pakawa mji wa Kimberley.

Sasa likaja swali: nchi hii ni ya nani? Orange Free State ilisema ni yake. Transvaal nayo ilidai sehemu. Nicolaas Waterboer, mtawala wa Wagriqua, alisema ni ya watu wake. Gavana wa Kiingereza aliyepewa kuamua akampa Waterboer ushindi. Haki imetendeka? Kabla mwaka wa 1871 haujaisha, Mwingereza aliiweka nchi ya Waterboer chini ya "ulinzi" wake, na almasi zote zikawa ndani ya himaya. Mwaka 1876 Free State ilipewa pauni 90,000 za kuifuta machozi.

Mfano wa nyumbani utatusaidia. Tuseme una kiwanja chako hapa Miyuji, chenye hati. Unachimba shimo la choo, unakuta dhahabu. Ni yako? Kwa sheria ya Tanzania, hapana. Madini yote ni mali ya umma, na haki ya kuyachimba hutolewa kwa leseni ambayo ni kitu tofauti kabisa na hati ya kiwanja. Wewe unamiliki juu, chini ni kwa wote. Sheria hiyo inaeleweka kwa sababu ilikuwapo kabla hujachimba. Kimberley mambo yalikwenda kinyume: jiwe lilipatikana kwanza, halafu ndipo ikatafutwa sheria ya kumpa mwenye nguvu.

Kwa ufupi
- Makaburu na Waingereza waliweza kukaa mbalimbali muda wote ambao nchi ya bara ilionekana maskini.
- Almasi ilipoonekana, mpaka ambao haukumsumbua mtu ukawa kesi.
- Mtawala wa Kiafrika alishinda kesi akapoteza nchi.

## Dhahabu kidogo katika mwamba mwingi

Waingereza waliitwaa Transvaal yenyewe mwaka 1877, lakini Makaburu wakaasi na kuwapiga mlimani Majuba tarehe 27 Februari 1881, nchi ikarudi mikononi mwao. Rais wao, Paul Kruger, alikuwa na serikali ya wafugaji yenye hazina karibu tupu. Ndipo mwaka 1886 dhahabu ikapatikana kwenye safu ya vilima iitwayo Witwatersrand, na ukazuka mji wa Johannesburg.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita, nalo ndilo ufunguo wa sura hii. Mchimbaji mdogo wa Chunya au Geita anaijua mbale, yaani mawe yenye dhahabu, na anajua kwamba si mbale zote ni sawa. Nyingine unaiponda, unaiosha, unaondoka na kitu siku hiyohiyo. Mbale ya Witwatersrand haikuwa hivyo. Ilikuwa nyingi ajabu, ikienda kilomita kwa kilomita, lakini tani nzima ya mwamba ilikuwa na gramu chache tu. Isitoshe, ilizama chini sana, na kadiri walivyoifuata chini ndivyo zebaki ilivyoshindwa kuikamata dhahabu. Kuanzia 1890 walilazimika kutumia sayanaidi, sumu inayoyeyusha dhahabu kutoka kwenye unga wa mawe.

Dhahabu ya namna hiyo hachimbi mtu na sururu yake. Inadai vitu vitatu:

1. Mtaji. Mashine za kuponda, mashimo marefu na mitambo ya sayanaidi vilihitaji fedha kutoka London, Paris na Berlin.
2. Mikono mingi ya bei ya chini. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa haipandi, kwa kuwa nchi kubwa zilikuwa zimefunga thamani ya sarafu zao kwenye dhahabu. Mwenye mgodi asiyeweza kupandisha bei hupunguza gharama, na gharama rahisi kupunguza ni ujira wa asiye na sauti.
3. Serikali ya kusaidia. Nani atapanga nauli ya reli, ushuru wa baruti na kodi? Nani atawalazimisha watu kutoka vijijini kuja shimoni, na kuwakamata wakitoroka?

Kufikia 1898 Transvaal ilikuwa ikitoa zaidi ya robo ya dhahabu iliyochimbwa duniani. Karibu Waafrika 100,000 walikuwa wakifanya kazi migodini, wengi wakitoka Msumbiji. Jambo la tatu katika orodha yetu ndilo lililoleta vita.

## Waligombania nini hasa?

Wenye migodi, wengi wao wakiwa watu wa Uingereza au wenye mtaji wa huko, walikuwa na malalamiko yao kwa Kruger:

- Baruti iliuzwa na kampuni moja tu iliyopewa kibali na serikali, kwa bei ya juu.
- Reli ilitoza nauli kubwa kwa mizigo na makaa ya mawe.
- Wageni walilipa kodi nyingi bila kupiga kura. Sheria ya 1890 ilimtaka mgeni akae miaka 14 kabla ya kumchagua rais.
- Pombe iliuzwa ovyo, na vibarua walishindwa kuamka.

Kruger naye alikuwa na hofu ya kweli. Wageni wanaume walikuwa wengi. Kuwapa kura upesi kungekuwa sawa na kuwakabidhi nchi kwa karatasi badala ya risasi.

Mwishoni mwa Desemba 1895 Cecil Rhodes, tajiri wa almasi na dhahabu aliyekuwa pia waziri mkuu wa koloni la Rasi, alijaribu njia ya mkato. Rafiki yake Leander Starr Jameson aliingia Transvaal na wapanda farasi wapatao 500, wakitumaini kwamba wageni wa Johannesburg wangeasi. Hawakuasi. Jameson alikamatwa tarehe 2 Januari 1896, na Rhodes akajiuzulu uwaziri mkuu. Baada ya aibu hiyo serikali ya Uingereza yenyewe ikalibeba shauri, kupitia gavana wake Alfred Milner. Mazungumzo ya katikati ya 1899 huko Bloemfontein yalivunjika. Tarehe 11 Oktoba 1899 vita vikaanza.

Lakini soma tena ile orodha ya malalamiko, kisha utafute ambacho hakimo. Humwoni mwenye mgodi akimlaumu Kruger kwa kumnyima Mwafrika kura, kwa sababu hata yeye hakutaka Mwafrika apige kura. Humwoni akilaumu sheria za pasi, zile karatasi za kumzuia kibarua asitoke mgodini bila ruhusa. Sheria hizo serikali ya Kruger iliwatungia wenye migodi wenyewe walipoomba, katikati ya miaka ya 1890. Walichomlaumu ni kwamba hazisimamii kwa bidii ya kutosha.

Kumbe ugomvi ulikuwa wa nani ashike usukani. Kuhusu nani asukume gari, walikuwa wamekwisha kukubaliana siku nyingi.

## Vita, kambi na kifungu cha 8

Waingereza walidhani vita vitakwisha kabla ya Krismasi. Vilichukua karibu miaka mitatu. Miji ilipotekwa, Makaburu wakageukia kupiga na kukimbia. Waingereza wakajibu kwa kuchoma mashamba na kuwakusanya wanawake na watoto kambini, ambako maradhi na njaa viliua Makaburu zaidi ya 26,000, wengi wao watoto. Waafrika nao walikusanywa kwenye kambi zao. Vifo vilivyoandikwa huko vinapita 14,000, na watu hao hawakuwa na ugomvi na yeyote.

Amani ilitiwa saini tarehe 31 Mei 1902. Makaburu walikubali kuwa raia wa Mfalme wa Uingereza, na kwa kukubali kwao waliahidiwa mambo makubwa: kujitawala baadaye, lugha yao kuruhusiwa shuleni na mahakamani, na pauni milioni 3 za kujenga upya mashamba. Kisha kuna kifungu cha 8. Kilisema suala la kuwapa wenyeji haki ya kura halitaamuliwa mpaka hapo nchi hizo zitakapopata serikali ya ndani. Maana yake ni kwamba lingeamuliwa na Makaburu wenyewe.

Hapo ndipo walipopatana, mzee wangu. Kifungu hicho hakikuhitaji mjadala mrefu.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Migodi ilipokosa vibarua baada ya vita, zaidi ya Wachina 60,000 waliletwa kati ya 1904 na 1907. Mwaka 1910 makoloni manne yakaungana kuwa nchi moja chini ya bendera ya Uingereza, na waziri mkuu wa kwanza akawa Kaburu, Louis Botha, jenerali wa zamani. Smuts akawa waziri wake. Mwaka 1913 sheria ya ardhi iliwabakizia Waafrika, waliokuwa sehemu kubwa ya watu wote, kama asilimia 7 ya nchi. Mwenye mgodi alipata serikali tulivu, Kaburu akapata dola. Aliyekosa ardhi ilibidi aende shimoni.

Si Makaburu wote waliotulia. Baadhi ya familia zilizoshindwa kumeza matokeo ya vita zilihama moja kwa moja mpaka huku kwetu. Kuanzia 1904 Wajerumani waliwapa ardhi kaskazini ya Mlima Meru, na mwaka 1908 wengine walikwenda na magari ya maksai hadi uwanda wa Uasin Gishu nchini Kenya, ambako mji wa Eldoret ulikua. Na vita ya 1914 ilipoanza, maelfu ya Makaburu waliasi huko kusini wakikataa kumpigania Mwingereza. Botha aliwatuliza kwa bunduki, akitumia Makaburu wenzao.

Kwa ufupi
- Dhahabu ya Witwatersrand ilihitaji mtaji, mikono ya bei ya chini na serikali ya kuisaidia.
- Vita vya 1899 hadi 1902 vilikuwa vya kuamua serikali hiyo iwe ya nani.
- Amani ilipatikana kwa kuwaacha Waafrika nje ya mkataba.

## Sekenke: dhahabu yetu vitani

Van Deventer alipokuwa Kondoa, huku uwanda wa kati nao ulikuwa na dhahabu yake. Huko Sekenke, Iramba, katika mkoa wa leo wa Singida, dhahabu iligunduliwa mwaka 1907, na Wajerumani wakaanza kuchimba miaka miwili baadaye. Haukuwa mgodi wa kulinganishwa na Johannesburg. Hata hivyo, vita vilipowakatia Wajerumani mawasiliano na kwao, na sarafu zikaadimika, Sekenke ikageuka kuwa benki.

Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli ya Tabora, walifua sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Zilitengenezwa kama 16,000, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani huzigombea mnadani. Tabora yenyewe iliangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo mwezi Septemba mwaka huohuo.

Mtu aliyeponda mawe yale pale Iramba hakuchaguliwa kuwa upande wowote. Jasho lake liliwalipia Wajerumani vita, kama jasho la mchimbaji wa Johannesburg lilivyomlipia mkubwa wake.

## Mtunya: bili iliyoletwa Ugogo

Dodoma haikutekwa kwa mizinga mikubwa, na kwa hiyo watu hudhani haikuumia. Waulize wazee wa Kigogo juu ya Mtunya.

Jeshi linalopita katika nchi kame linakula nchi. Wajerumani walipokuwa wakijiandaa kurudi nyuma walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Walipoondoka, wakaingia Waingereza na Makaburu wao, nao walihitaji ng'ombe, nafaka na wapagazi. Wapagazi walikuwa na maana kubwa kuliko kawaida: farasi walikuwa wamekufa, maksai vilevile, ikabaki migongo ya watu. Msimu wa kulima ukafika vijana hawapo. Kwa Mgogo, ghala la uwele na mtama ndilo la mwaka huu na zizi la ng'ombe ndilo la mwaka wa njaa. Vyote viwili vilikuwa vimeondoka mvua zilipoharibika.

Njaa, ile wanayoiita Mtunya, ikashika kuanzia 1917 hadi 1920, na katikati yake ukaja ugonjwa wa mafua makali ya 1918. Makadirio ya maofisa wa Kiingereza wenyewe yalikuwa kwamba wilayani Dodoma walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Mtu mmoja katika kila watano.

Wenyeji hao hawakuwa na hata kipande cha dhahabu ya Transvaal. Lakini maafikiano ya 1902 ndiyo yaliyomzaa askari Kaburu wa Mwingereza, na askari huyo alipofika Ugogo alikuja na njaa yake.

## Je, yamekwisha?

Usukani uliendelea kugombaniwa, na gari likaendelea kusukumwa na walewale. Mifano miwili ya jirani itatosha.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuwahakikishia Waafrika ardhi yao: kipande kikichukuliwa, kingefidiwa kwa kipande kingine. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Kabla ya 1932 kwisha, sheria ilirekebishwa ili wachimbaji Wazungu wasizuiliwe na ahadi hiyo. Ahadi iliishi miaka miwili.

Mfano wa pili ni Wenela. Hilo ndilo jina ambalo wazee wa nyanda za juu kusini hulikumbukia shirika lililoajiri vibarua wa migodi ya Johannesburg. Liliwachukua vijana kutoka kusini ya Tanganyika mpaka karibu na Uhuru. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi, wengine na kifua kilichojaa vumbi la mwamba.

Leo kanuni zetu zimebadilika. Sheria za mwaka 2017 zinaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mrabaha wa dhahabu, yaani malipo kwa taifa kwa kila kinachochimbwa, umepanda hadi asilimia 6 kutoka asilimia 3 ya miaka ya 1990. Leseni ndogo za uchimbaji ni za Watanzania tu, na tangu 2019 yapo masoko ya madini mikoani. Mkoa wetu wenyewe una vito: krisoprazi, lile jiwe la kijani la Haneti, na rubi za Winza wilayani Mpwapwa, zilizovuta maelfu ya watu mwaka 2008.

Kwa hiyo kikao cha kijiji kikiitishwa kwa ajili ya leseni, historia hii inakupa maswali ya kuuliza kabla ya kusaini:

- Sheria inayotumika ilikuwapo kabla ya madini kuonekana, au imeletwa baada ya hapo?
- Anayelipa mtaji ni nani, na atalipwa kabla ya nani?
- Mikono itatoka wapi, kwa ujira gani, na mtu akiumia shimoni nani atamtibu?
- Nani anaguswa na mkataba huu lakini hayumo kikaoni?

Swali la mwisho ndilo ambalo mwaka 1902 halikuulizwa. Walioachwa nje walilijibu wenyewe. Januari 1912 Waafrika walikutana Bloemfontein, mji uleule Milner na Kruger walikoshindwa kuelewana, wakaunda chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Chama hicho kilipopigwa marufuku, wapiganaji wake walitafuta mahali pa kujifunza vita, na mwaka 1964 walipewa kambi Kongwa, mashariki ya Dodoma, bega kwa bega na wapiganaji wa Msumbiji na Namibia. Miaka 48 tangu van Deventer apite, Ugogo ukawapokea wajukuu wa wachimba dhahabu. Baadhi ya wenyeji waliowauzia maziwa na kuku walikuwa watoto wa Mtunya.

Nilipomweleza mzee wangu habari hiyo ya Kongwa alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba vijana wale aliwahi kuwaona stesheni ya reli, hakujua wametoka wapi wala wanakwenda kumpiga nani.

Mambo ya kukumbuka katika sura hii
1. Van Deventer aliiteka Dodoma tarehe 29 Julai 1916 kwa niaba ya dola ambayo alikuwa ameipiga vita hadi 1902.
2. Mbale ya Witwatersrand ilikuwa na dhahabu kidogo katika kila tani, na kwa sababu hiyo ujira mdogo na sheria kali zikawa uhai wa migodi.
3. Makaburu na Waingereza walipatana upesi kwa kuwa jambo la kumbana Mwafrika hawakuwahi kulibishania.
4. Gharama ya vita vilivyofuata Ugogo uliilipa kwa Mtunya.